Zoom, Meet au Teams? Anza na mgeni wako, si na ofisi yako

Ofisi ndogo nyingi za Nairobi zinaijua dakika ya 38. Mazungumzo yamenoga, mteja ndiyo kwanza anataja kiasi anachoweza kulipa, halafu mtu anakatiza: "Samahani, dakika zinaisha. Tutoke, turudi kwa linki ileile." Wanatoka sita, wanarudi wanne. Toleo la bure la Zoom hukata mkutano ukifika dakika 40, na anayepotea wakati wa kurudi mara nyingi ni mteja mwenyewe.

Hapo ndipo swali hutua kwenye kundi la WhatsApp la wenye biashara: jamani, ya kufanyia mikutano ya video, tununue ipi? Kila mtu ana lake. Zoom inakula bando. Teams ya Microsoft ni ya mawakili. Meet ya Google ni ya wanafunzi. WhatsApp inatosha, mbona mnajisumbua? Mkanganyiko uliongezeka Mei 2025, Microsoft ilipoifunga Skype, programu ya kupigiana simu mtandaoni iliyokuwapo tangu 2003, na waliokuwa wameing'ang'ania wakalazimika kuchagua upya.

Ukweli ni kwamba majukwaa makubwa yamekaribiana mno kwa ubora wa picha na sauti. Ukiyalinganisha kwa orodha ya vipengele utachoka bure. Yanakotofautiana ni pale mgeni anapoingilia: anatumia kifaa gani, ana bando kiasi gani, anadaiwa akaunti au hadaiwi. Na upande wako, nani hasa anaimiliki akaunti ya kampuni.

Maneno machache kabla hatujafika mbali

Mwenyeji ni anayefungua mkutano kwa akaunti yake. Mgeni ni yeyote anayebofya linki na kuingia. Leseni ni kile anacholipiwa mwenyeji ili mkutano wake usikatwe, upokee watu zaidi, na pengine urekodiwe. Mgeni halipi chochote isipokuwa intaneti yake.

Hapa ndipo wengi hupotea. Kampuni ya watu 12 inadhani ikinunua Zoom itanunua leseni 12. La. Kama wanaoitisha mikutano na wateja ni wawili, leseni ni mbili. Wengine kumi wanaingia kama wageni, bure, na hawakatwi dakika ya 40 kwa sababu muda wa mkutano hufuata leseni ya mwenyeji. Shida inakuja wawili wakigawana leseni moja: leseni moja ya Zoom Pro huendesha mkutano mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo mtu wa mauzo akianza wake saa nne, wa uhasibu asubiri.

Google na Microsoft huuza kwa namna nyingine kabisa. Kwao hununui mikutano. Unanunua barua pepe yenye jina la kampuni yako, nafasi ya kuhifadhi mafaili na programu za kuandikia, kisha mikutano inakuja ndani ya kifurushi hichohicho. Kwa hiyo leseni huhesabiwa kwa kila mfanyakazi mwenye barua pepe, awe anaitisha mikutano au haitishi. Ndiyo maana kulinganisha bei ya Zoom na ya Google Workspace, kifurushi hicho cha Google, moja kwa moja hakuna maana: vitu vinavyouzwa si vya aina moja.

Kutokana na hilo kuna swali moja la kuuliza kabla ya lolote: barua pepe yenu ya .co.ke inaendeshwa na nani? Kama ni Google Workspace, Meet mnayo tayari. Kama ni Microsoft 365 Business Basic, mnayo Teams ya mikutano ya watu hadi 300. Zipo kampuni nyingi mjini zinazolipia barua pepe upande mmoja na Zoom upande mwingine, na hakuna aliyewahi kukaa chini akazilinganisha hizo risiti mbili.

Picha yako inapitia wapi

Watu hudhani wakiwa kumi kwenye mkutano, simu yao inamtumia kila mmoja picha yake kivyake. Haiendi hivyo. Chukulia una barua ya kuwafikishia majirani tisa. Huandiki tisa. Unaandika moja, unaipeleka duka la fotokopi, na muuzaji anatoa nakala na kumpa kila jirani yake. Jirani mwenye nafasi anachukua ya rangi, asiye na nafasi anapewa nyepesi ya rangi moja. Duka hilo ndilo seva ya jukwaa. Wewe unapakia picha yako mara moja tu, hata mkiwa mia; seva ndiyo inayogawa, na humpunguzia ubora yule ambaye intaneti yake haimudu.

Ukilielewa hilo, imani kadhaa zinaanguka zenyewe. Kwanza, kuongezeka kwa washiriki hakukuongezei mzigo wa kupakia. Kinachopanda ni wa kupakua, na hata huo hutegemea nyuso ngapi umeziweka kwenye skrini yako. Ukitazama msemaji mmoja badala ya vidirisha ishirini na tano, unapokea kidogo. Pili, kulipia leseni hakuongezi kasi ya intaneti yako hata kidogo. Leseni inahusu mambo ya dukani. Barabara kutoka kwako hadi dukani ni shauri lako na kampuni inayokuuzia mtandao.

Tatu, lile la bando. Zoom haina ulafi wa pekee. Mwongozo wa Zoom wenyewe unasema mkutano wa kundi wenye picha ya kawaida unahitaji kama megabiti 1 kwa sekunde kupakia na megabiti 0.6 kupakua. Picha kali ya 720p inataka megabiti 2.6 kupakia na 1.8 kupakua. Sauti peke yake ni kilobiti 60 hadi 80 tu kwa sekunde kila upande (kilobiti elfu moja ni megabiti moja). Sasa tupige hesabu. Megabiti moja kwa sekunde ikienda saa nzima ni megabaiti 450 (unazidisha kwa sekunde 3,600, unagawa kwa 8, kwa kuwa megabaiti moja ina megabiti nane). Mkutano wa picha ya kawaida, ukijumlisha kupakia na kupakua, unakula karibu MB 720 kwa saa. Ule wa 720p unakaribia GB 2. Wa sauti tupu ni kama MB 70.

Tofauti kati ya MB 70 na GB 2 haiko kwenye jina la jukwaa. Iko kwenye kamera. Meet na Teams nazo zinacheza mlemle, zinapanda na kushuka kulingana na mtandao zinaoukuta. Mtu anayekwambia alihama Zoom kwa sababu ya bando, muulize kwanza kama huko alikohamia anawasha kamera.

Na kwa kuwa tumetaja kupakia: vifurushi vya nyumbani na ofisini hutangazwa kwa kasi ya kupakua, ile ya kutazama filamu. Mikutano inahitaji zote mbili. Ofisi yenye watu watano kwenye mikutano mitano tofauti, kila mmoja na kamera ya 720p, inahitaji megabiti 13 za kupakia peke yake, bila kuhesabu kijana aliye pembeni anayetuma video za matangazo kwa mteja. Kabla ya kulaumu jukwaa, pima kasi ya kupakia saa tano asubuhi ya siku ya kazi, si usiku wa manane.

Kuna jambo jingine linaloitwa ucheleweshaji, yaani muda ambao sauti yako inachukua kufika. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza usizidi milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Ukipita hapo watu wanaanza kukatizana maneno. Mwanga ndani ya nyuzi za faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 10,000 za kebo hula milisekunde 50 hata kabla vifaa vya njiani havijachukua zao. Hili lina uzito kwetu kwa sababu mkutano kati ya mtu wa Westlands na mwenzake wa Industrial Area unaweza kupitishwa kwenye seva iliyo Afrika Kusini au Ulaya, ukatoka baharini kupitia Mombasa na kurudi. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa kusini, intaneti ya Kenya na majirani ilikwama, na leseni ya kulipia haikumsaidia mtu.

Sasa, mgeni wako ni nani?

Hapa ndipo uamuzi unafanyika, na hapa ndipo ningekushauri utumie muda wako mwingi.

Chukua muuzaji wa jumla wa vipodozi mwenye duka River Road na mawakala Kitale, Garissa na Voi. Mawakala wake wako kwenye simu, bando ni la kununua siku kwa siku, na simu zenyewe zimejaa picha hadi hazina nafasi ya programu mpya. Kuwaambia wapakue Teams ni kuanza mkutano na watu wawili. WhatsApp wanayo, na simu ya kundi ya WhatsApp inabeba hadi watu 32. Kwa mkutano wa dakika kumi na tano wa kupanga oda, hiyo inamaliza kazi, na haina haja ya kulipiwa. Kasoro yake ni kwamba haina rekodi ya ndani, inaanika namba za simu za washiriki kwa wenzao, na mwenyeji hana mamlaka ya kutosha kuendesha kikao kikubwa. Kwa mafunzo ya watu hamsini haifai.

Sasa chukua kampuni ya ushauri pale Upper Hill, wateja wake ni mashirika ya nje na benki. Mgeni wake yuko kwenye laptopu ya mwajiri ambayo hairuhusiwi kuwekwa programu bila kibali cha watu wa kompyuta. Kinachotakiwa ni linki inayofunguka kwenye kivinjari, yaani Chrome na wenzake. Meet ndiyo nyepesi kuliko zote kwa hilo kwenye kompyuta, kwa sababu haina cha kupakua. Zoom na Teams nazo huruhusu kivinjari, ila zinakusukuma kwanza kwenye programu, na kwenye Zoom kitufe cha kivinjari huwa kimejificha chini kwa maandishi madogo. Mteja wa Uholanzi atakiona. Mzee wa bodi aliyestaafu atapiga simu kuuliza.

Na ukifanya kazi na mawakili, basi kuna sababu ya ule msemo kwamba Teams ni yao. Mahakama zilihamia mtandaoni janga la 2020 lilipofunga vyumba vya vikao, na hadi leo orodha za kesi huja na linki za Teams. Wakili amezoea, ofisi yake imeshajua pa kubofya. Ila Microsoft yenyewe inataka kompyuta iwe na angalau GB 4 za RAM, kumbukumbu ambayo kompyuta hufanyia kazi, na mwenye laptopu kuukuu ya kiwango hicho, aliyefungua pia kivinjari chenye tabo ishirini, atasikia feni ikilia kabla hakimu hajaingia.

Kwa toleo la bure, Meet na Teams hukuacha dakika 60 mkiwa kundi, Zoom dakika 40. Zote tatu hupokea hadi watu 100. Jitsi Meet ni programu huria isiyo na ada, na mgeni hahitaji akaunti. Tangu Agosti 2023, anayefungua mkutano kwenye seva yao ya umma ndiye anayetakiwa kuingia kwa akaunti ya Google, Facebook au GitHub. Ukiwa na fundi mzuri unaweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe hapa nchini. Ukiwa huna fundi, usijaribu. Utajikuta wewe ndiye fundi, saa mbili usiku, kabla ya mkutano wa wafadhili.

"Yetu imesimbwa, hakuna anayesikia"

Neno usimbaji, yaani kuufunga ujumbe kwa msimbo ili asiye na ufunguo asiusome, limetumiwa vibaya hadi limechakaa. Majukwaa yote makubwa husimba mawasiliano njiani, kwa maana kwamba anayenasa mtandao wa waifai pale mkahawani haoni kitu. Lakini rudi kwenye lile duka la fotokopi: barua imefungwa ikiwa njiani, ila muuzaji anaweza kuifungua ili aitoe nakala. Usimbaji wa mwisho hadi mwisho ni pale ambapo hata muuzaji hawezi kuisoma. Ananakili bahasha zilizofungwa tu.

Zoom iliwahi kutangaza kwamba ina usimbaji wa aina hiyo ya pili ilhali haikuwa nao, na Novemba 2020 ikaingia makubaliano na tume ya biashara ya Marekani, FTC, kuhusu madai hayo. Ilianza kuutoa kweli Oktoba 2020, na ni lazima uuwashe mwenyewe. Ukiuwasha, baadhi ya vitu vinazimika, ikiwemo kurekodi kwenye wingu, yaani kwenye seva za Zoom, na kujiunga kwa simu ya kawaida. Mantiki ni ileile: seva isiyoweza kusoma mkutano haiwezi pia kuurekodi. Simu za WhatsApp zimesimbwa mwisho hadi mwisho bila kuwashwa. Kwa mkutano wa kawaida wa mauzo, usimbaji wa njiani unatosha. Kwa daktari na mgonjwa, au wakili na mteja wake, uliza swali hilo moja kwa moja na udai jibu kwa maandishi.

Hatari iliyo karibu zaidi si mdukuzi. Ni linki iliyobandikwa kwenye Facebook na chumba cha kusubiri kikiwa kimezimwa. Mwaka 2020 wavamizi waliingia mikutano ya watu kwa njia hiyo hadi Zoom ikaamua nywila na chumba cha kusubiri viwe vimewashwa tangu mwanzo. Usivizime ili kurahisisha.

Kurekodi kuna sheria yake. Sura na sauti ya mtu ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayosimamiwa na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Waambie watu unarekodi na kwa nini, na ujue rekodi inakaa wapi, kwa sababu kupeleka data nje ya Kenya kuna masharti. Biashara yenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya kumi imesamehewa usajili kwenye ofisi hiyo, isipokuwa ile iliyo kwenye sekta zilizotajwa, kama afya, elimu na huduma za fedha. Kusamehewa usajili si kusamehewa sheria. Hapa wafanyabiashara wengi hujidanganya.

Vivyo hivyo kwa zile roboti za kuandika muhtasari zinazoingia mkutanoni kimyakimya kama mshiriki. Agosti 2023 Zoom ilibadilisha masharti yake baada ya watu kulalamika kwamba yalionekana kuiruhusu kutumia maudhui ya wateja kufunza akili bandia. Soma masharti ya chombo unachokiingiza. Halafu kijaribu kwenye kikao chenu halisi, kile cha Kiswahili, Kiingereza na Sheng ndani ya sentensi moja, uone muhtasari utakaokuja.

Akaunti ni ya nani?

Hili halimo kwenye matangazo ya jukwaa lolote, na ndilo linalogharimu ofisi ndogo kuliko yote niliyotaja. Mara nyingi akaunti ya mikutano ya kampuni ilifunguliwa na kijana wa masoko, kwa Gmail yake, wakati wa haraka. Linki ya kudumu iliyo kwenye kadi za biashara ni yake. Rekodi za mafunzo ziko kwenye wingu lake. Akihama kazi, hata akiondoka kwa amani, kampuni inabaki ikimwomba nywila kwa simu. Akiondoka kwa ugomvi, sahau.

Fungua akaunti kwa anwani ya kampuni isiyo ya mtu, mfano ya ofisi au ya usimamizi, kwenye jina la kikoa mnalomiliki, ile .co.ke yenu. Weka wasimamizi wawili. Uthibitisho wa hatua mbili uende kwenye namba ya kampuni, na laini hiyo isikae ndani ya simu ya mfanyakazi mmoja. Kwa kampuni zenye wanahisa hili lina uzito zaidi, kwa sababu tangu Sheria ya Kampuni irekebishwe mwaka 2021 mkutano mkuu unaweza kufanywa mtandaoni, na kumbukumbu za nani alihudhuria na alipigaje kura zisiwe kwenye Gmail ya mtu.

Mimi nikiulizwa na biashara ya kawaida ya hapa mjini, hupendekeza watumie mikutano iliyo ndani ya barua pepe wanayolipia, WhatsApp kwa ya haraka, na leseni moja ya Zoom endapo wanaendesha mafunzo ya watu wasiowajua. Ila kabla ya kulipa, mpigie mgeni wako aliye na mtandao dhaifu kuliko wote, siku ya kazi, mtumie linki bila maelezo yoyote, na umhesabie muda hadi sauti yake isikike. Rudia kwa jukwaa la pili na mtu mwingine wa aina yake.

Kuhusu pesa, bei za mtandaoni hutajwa kwa dola, mara nyingi kabla ya VAT ya asilimia 16, na kiasi mnacholipa kwa shilingi hupanda na kushuka na soko. Wapo mawakala wa Nairobi wanaouza vifurushi vya Microsoft na Google kwa shilingi, wanaopokea M-Pesa na kutoa ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara wa KRA, ambayo mhasibu wenu ataiulizia. Mkataba wa mwaka ni nafuu kwa mwezi kuliko wa mwezi kwa mwezi, lakini hujirefusha wenyewe usipozima, na kupunguza leseni katikati ya mwaka mara nyingi hakurudishi pesa. Anzeni mwezi kwa mwezi. Andikeni tarehe ya kujirefusha kwenye kalenda ya mhasibu, wiki mbili kabla, pamoja na jina la aliye na nywila.